Siku Lori Lilipofika Mwezini

Lori langu lilifika mwezini likiwa kwenye foleni ya Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, upande wa Kenya, nyuma ya tangi la dizeli na mbele ya trela la ngano.

Aliyegundua ni taniboi wangu, kijana aliyemaliza kidato cha sita akakosa karo ya chuo, akaja barabarani "kwa muda tu". Tulikuwa tumeingia foleni jioni. Akainama kwenye dashibodi, akasoma kilomita, akaniambia:

"Mzee, zimebaki mbili tu."

"Mbili za kufika wapi? Geti si lile pale."

"Za kufika mwezini."

Dashibodi ilisoma 384,398. Akanieleza kwamba kutoka duniani hadi mwezini, ukichukua wastani, ni kilomita 384,400. Nikamwambia alale. Yeye akalala, mimi usingizi ukanikataa. Kila lori la mbele liliposogea niliwasha, nikasogea urefu wa trela moja, nikazima, kisha nikachungulia ile namba. Miaka hiyo maofisa wa forodha wa nchi mbili walikuwa hawajaanza kukaa jengo moja, na kilomita mbili zilikula usiku mzima na asubuhi yake. Saa sita mchana, jua la utosini, karibu na mama mmoja muuza chapati, namba ikageuka. Taniboi akafungua mlango, akashuka taratibu, akakanyaga lami kwa miguu miwili kwa madaha. "Pakavu," akasema. Mama wa chapati akatutazama kama watu waliokesha na mairungi.

Kampala hadi Mombasa ni kama kilomita 1,150. Kwenda na kurudi ni 2,300. Gawanya: mwezini ni safari 167. Sikuziendesha zote mimi, lori lilikuja na kilomita za mwenyewe wa kwanza, lakini tangu siku ile umbali wa vitabuni ulianza kuniuma kiunoni. Safari 167 nazijua. Najua zina mizani mara ngapi, pancha ngapi, na mara ngapi utasimamishwa Mtito Andei usiku ueleze mzigo wa watu.

Waandishi wa sayansi hupenda kusema jua likiwa chungwa, dunia ni punje ya mchanga. Sikatai. Ila chungwa halijanisaidia hata siku moja, maana hakuna aliyewahi kuchoka kwa kusafiri juu ya chungwa. Mimi huona bora mtu achukue barabara moja anayoijua kwa mgongo wake, aanze kuhesabu kutoka hapo.

Kipimo changu cha kwanza lakini hakikuwa barabara. Kilikuwa mkono wa baba.

Baba alikuwa fundi cherehani Tororo, mji wa jirani na Malaba, Mnubi aliyetoka Bombo, na mama ni Mteso. Kiswahili ndicho kilichowakutanisha, ndicho tulichokulia. Tepu alikuwa nayo, ya inchi, imechakaa mpaka namba za mwanzo hazisomeki. Kwa hiyo alipima kwa shibiri, toka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, akiwa amekunjua kiganja. Kitambaa kirefu alikipima kwa mkono, toka kiwiko hadi ncha ya kidole. Kikiwa kirefu zaidi, alitanua mikono yote miwili, hiyo ni pima. Mteja mwembamba alimwambia, "Wewe ni shibiri tatu na nyanda mbili," na suruali ilimkaa.

Siku moja alinipeleka kwenye reli. Alichuchumaa, akaweka kidole gumba kwenye ukingo wa ndani wa reli moja, akatambaza kiganja kuelekea ya pili. Shibiri nne, na ya tano ikapungua kidogo. "Hii ni mita," akasema. "Ukisahau mita ni kiasi gani, njoo uitazame hapa. Hii haichakai kama tepu."

Alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Reli ya zamani, ile iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika ziwani Kisumu 1901 na Kampala 1931, upana wake kati ya chuma na chuma ni mita moja kamili. Waingereza, watu wa yadi na maili, walituwekea mita ya Wafaransa toka pwani hadi Kampala. Hadi leo naona ucheshi ndani yake.

Na mita yenyewe ilitoka wapi? Hapa ndipo Uganda inapoingia bila kualikwa. Mwaka 1791, Ufaransa ikiwa katikati ya mapinduzi, wataalamu wake walichoka kuwa na vipimo vya kila mji na kila bwana. Wakaamua mita itolewe kwenye dunia yenyewe: chukua umbali kutoka Ncha ya Kaskazini hadi ikweta, ugawe kwa milioni kumi, kipande kimoja ndicho mita. Wapimaji wawili, Delambre na Méchain, wakatumia miaka kama saba kuanzia 1792 wakipima toka Dunkerque hadi Barcelona, vita vikiendelea, wakikamatwa na kuachiliwa, ili kutoka kwenye kipande hicho wapige hesabu ya njia nzima. Walikosea kwa kiasi cha 0.2 ya milimita katika kila mita. Umbali wa kweli ni kama kilomita 10,002 badala ya 10,000. Fundi cherehani gani asiyeota kukosea hivyo?

Ukienda Masaka, ukifika Kayabwe, kilomita kama 75 toka Kampala, utaona duara jeupe la saruji watu wakipigia picha. Hiyo ndiyo ikweta. Yaani mwisho mmoja wa ule uzi wa Wafaransa uko nchini kwetu, kando ya maduka ya vinyago. Nimesimama pale nikajisemea, mita milioni kumi zinaishia kwenye kandambili zangu.

Vijana wa pale wana beseni. Watakuonyesha maji yakizunguka kulia upande huu, kushoto upande ule, na katikati yakishuka moja kwa moja. Nililipa, nikacheka, na nitalipa tena, maana wanafanya kwa ustadi. Lakini si kweli. Mzunguko wa dunia hupindisha vimbunga vyenye upana wa mamia ya kilomita. Ndani ya beseni nguvu hiyo ni ndogo mno, inashindwa hata na jinsi ulivyomimina maji. Kila ukubwa una sheria inayotawala pale. Mdudu hutembea juu ya maji kwa sababu kwenye udogo wake ngozi ya maji ina nguvu kuliko uzito. Lori langu halina bahati hiyo.

Siku hizi mita haipimwi tena kwa dunia. Tangu 1983 inapimwa kwa nuru: ni umbali ambao nuru husafiri katika sekunde moja iliyogawanywa kwa 299,792,458. Baba hakuwahi kulisikia hili, na nadhani angeguna tu. Lakini fikiria kidogo. Umbali sasa unaelezwa kwa muda. Si ndivyo tulivyokuwa tukisema siku zote? Muulize mtu wa Tororo mjini hospitali iko mbali kiasi gani, atakwambia "dakika kumi", au atakwambia "boda elfu mbili". Kilomita hataitaja. Wazee walihesabu mwendo wa siku. Kwa hiyo mtu akisema nyota fulani iko miaka minne ya nuru, yaani nuru husafiri miaka minne kutoka huko, asikutishe, anakutajia nauli.

Upande wa chini, ule wa vitu vidogo, nitaupita haraka kwa sababu sina barabara inayoelekea huko. Ninayo njia ya Entebbe tu. Kando yake kuna msitu unaoitwa Zika. Kwa Mswahili jina hilo linatisha, mtu anafikiria makaburi, kumbe kwa Kiganda ni mahali palipoota vichaka. Mwaka 1947 watafiti waliokuwa wakifuatilia homa ya manjano waliweka kima ndani ya vizimba msituni humo, na kwenye damu ya mmoja wakakuta kirusi kisichojulikana. Wakakipa jina la msitu. Upana wake ni kama nanomita 50. Nanomita ni mita iliyogawanywa kwa bilioni. Rudi kwenye reli ya baba: kati ya chuma na chuma ungepanga virusi vya Zika milioni 20, kimoja kikigusana na mwenzake. Na mwaka 2016 kitu hicho kilikuwa kimeshavuka bahari na kuitia Brazil taharuki, mpaka Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura. Mimi na lori la tani 28 sijawahi kuvuka hata Kongo.

Chini ya kirusi kuna atomu, na huko ndiko mambo yanakuwa matupu. Chukua atomu ya hidrojeni. Kiini chake kikiwa kifungo cha shati cha sentimita moja, atomu nzima itakuwa na upana wa zaidi ya nusu kilomita. Katikati hapo hakuna kitu unachoweza kukishika. Chuma cha reli ni hivyohivyo, na lori pia. Nikikumbuka tulivyotozwa faini kwenye mizani kwa kuzidisha uzito, nahisi tulidhulumiwa: tulikuwa tumebeba utupu.

Sasa juu.

Watu hudhani anga za juu ziko mbali. Mwanzo wake uko karibu. Kituo cha kimataifa cha anga kinazunguka kwenye kimo cha kilomita kama 400. Kampala hadi Arua ni mbali kuliko hapo, na Arua watu huenda kwa basi la usiku wakala chapati za kukunja mayai Karuma. Setilaiti ya kwanza ya Uganda, PearlAfricaSat-1, iliachiliwa kutoka kwenye kituo hicho Desemba 2022. Ilikuwa kisanduku cha sentimita kumi kila upande, nusu ya shibiri ya baba. Binti yangu alikasirika alipoiona kwenye picha. Alitarajia kitu kikubwa. Nikamwambia kitu hicho kidogo huzunguka dunia nzima kwa saa moja na nusu, muda ambao sisi tungekuwa bado tunatafuta stempu ya forodha.

Ni binti huyohuyo aliyeniuliza swali ambalo nimelibeba kuliko mengine. Nilikuwa nimempakia mbele siku ya likizo, tunatoka Malaba kwenda Jinja, jua limezama.

"Baba, mbona mwezi unatufuata?"

Mtazame mtu aliyekaa kwenye kabini ya lori. Nguzo za umeme kandokando ya barabara zinampita zikikimbia, hawezi hata kuzihesabu. Nyumba za mbali kidogo zinapita polepole. Mwamba wa Tororo unageuka kwa utulivu, unauona ubavu huu, baadaye ubavu ule. Mlima Masaba, ule uitwao pia Elgon, kule kulia, unaonekana kama haujaondoka kabisa hadi umekaribia Bugiri. Mwezi wenyewe hausogei hata kidogo. Kitu kisichobaki nyuma unapokimbia, jicho linakuambia kinakufuata. Nilimweleza hivyo, akanyamaza, kisha akasema, "Kwa hiyo kinachokimbia sana ndicho kiko karibu." Nilikaribia kusimamisha lori.

Maana hiyo ndiyo siri yote ya kupima nyota. Nyota hazipimwi kwa kamba. Wataalamu wa nyota wanatumia dunia kama kabini. Leo dunia iko upande huu wa jua. Baada ya miezi sita iko upande wa pili, kilomita milioni 300 kutoka pale ilipokuwa. Ukipiga picha ya nyota leo na nyingine baada ya nusu mwaka, nyota iliyo karibu itakuwa imesogea kidogo mbele ya zile za mbali, kama nguzo ya umeme mbele ya Masaba. Mjerumani Friedrich Bessel ndiye aliyefanikiwa kwanza kuutangaza msogeo huo, mwaka 1838, kwenye nyota hafifu iitwayo 61 Cygni. Na huo msogeo ulikuwa mdogo kiasi gani? Weka sarafu Malaba, kisha simama Tororo uutazame upana wake. Ni kama hapo. Watu walijaribu kwa karne nyingi wakashindwa, wengine wakasema kumbe dunia haizunguki jua, la sivyo tungeona nyota zikisogea. Zilikuwa zinasogea. Macho ndiyo hayakutosha.

Kwa hiyo hesabu ya safari inaendelea hivi. Lori likienda kilomita 80 kwa saa, bila kulala, bila forodha, mwezini ni siku 200. Jua liko kilomita milioni 150 hivi. Kwa lori hilohilo ni zaidi ya miaka 210. Nuru, ambayo kwa sekunde moja inaweza kwenda na kurudi Mombasa na Kampala mara 130, hutoka juani na kutufikia kwa dakika nane na kidogo. Chombo cha Voyager 1, kilichorushwa 1977, kinaenda kilomita 17 kila sekunde. Hebu isikie hiyo: Mombasa hadi Kampala kwa dakika moja na sekunde chache. Kimeenda hivyo karibu nusu karne, na ujumbe wake wa redio, unaosafiri kwa mwendo wa nuru, unachukua karibu siku nzima kutufikia. Siku nzima. Nyota ya karibu kabisa baada ya jua iko miaka minne na robo ya nuru. Kingekuwa kinaelekea huko, na hakielekei, kingefika baada ya miaka kama 75,000.

Hapa ndipo barabara yangu inapokufa. Nimejaribu kuigawa: safari ngapi za Mombasa hadi nyota hiyo? Ni bilioni 17 na ushee, na bilioni 17 siijui kwa kiuno wala kwa mgongo. Nilichoka nikarudi kwenye muda.

Kilimia, kile kikundi cha nyota ambacho wakulima wa pwani walikitazama kujua majira, ndicho kinachosemwa "kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua". Kiko miaka kama 440 ya nuru. Nuru unayoiona ikitoka huko iliondoka kabla Wareno hawajaanza kujenga Ngome ya Yesu pale Mombasa mwaka 1593. Nimeegesha lori karibu na ngome hiyo mara nyingi, kuta zake nimezigusa. Kuna kitu kilianza safari kabla ya jiwe lile la kwanza, kikasafiri kwa kasi kuliko yote, na ndiyo kwanza kinaingia machoni mwangu nikiwa nimelala juu ya turubai.

Baada ya hapo ni sifuri zinazoongezeka. Galaksi yetu, ile Njia Nyeupe inayoonekana vizuri sana ukiwa gizani, ina upana wa miaka kama 100,000 ya nuru. Galaksi ya Andromeda iko miaka milioni mbili na nusu. Ulimwengu tunaoweza kuuona, toka ukingo hadi ukingo, ni miaka bilioni 93 ya nuru. Taniboi, ambaye sasa ni mwalimu wa hesabu, aliponitumia namba hiyo nilimpigia simu kumkosoa. Ulimwengu si una miaka bilioni 13.8? Nuru imewezaje kutoka mbali kuliko umri wake?

"Mzee," akasema, "unakumbuka foleni?"

Nilikumbuka. Unashuka nyuma kabisa kwenda kuona mbele kuna nini. Unatembea kando ya malori. Wakati huohuo madereva wa mbele wanaachiana nafasi, trela na trela, kila pengo linatanuka kidogo. Ulipofika mwanzo wa foleni umetembea kilomita moja, lakini ukigeuka, lori lako liko kilomita tatu. Hukukimbia. Njia ndiyo iliyonyooshwa chini yako. Ulimwengu unatanuka hivyo, na nuru ya kale zaidi ilitembea juu ya njia iliyokuwa ikinyooshwa.

Siku hizi nimeacha usukani. Nakaa kwenye kiofisi cha wakala wa forodha Malaba, najaza fomu. Mwaka jana niliongeza sifuri moja kwenye uzito wa kontena la vigae, na kontena likakaa siku tisa. Sifuri moja. Nikiwa nangoja lifunguliwe, nilichukua karatasi nikahesabu: toka mita ya reli ya baba hadi upana wa ulimwengu unaoonekana ni sifuri 26. Toka mita hiyohiyo kushuka hadi kiini cha hidrojeni ni sifuri 15. Jumla 41. Zinaingia kwenye mstari mmoja wa fomu yangu, na nafasi ya sahihi ikabaki.

Lori lile liliuzwa vipuri. Injini ilikufa karibu na Eldoret, na aliyelinunua alinitumia picha ya dashibodi kabla hajaing'oa: 611,000 na kitu. Nilimtumia taniboi. Akajibu baada ya dakika mbili, nadhani alikuwa darasani, kwamba lilikuwa limeshageuza, linarudi, limebakiza kilomita 157,000 kufika nyumbani.